Miche Tuliyoilea Kama Chai

Siku mliponiaga mlinipa blanketi, chupa ya chai na saa ya ukutani, mkaniambia niseme machache. Nilisema asante, nikaketi. Mkapiga makofi mkidhani nimelemewa na furaha. Furaha gani? Miguu ilikuwa inaniuma. Mtu aliyeinamia miche tangu ujana haombwi hotuba, anaombwa kiti.

Lakini nilipokuwa natoka, yule Chelangat wenu aliyeandikwa kazi juzi alinifuata mpaka getini. "Mama," akaniuliza, "kwa nini kila mwaka kabla miche haijatoka kwenda kupandwa lazima utafune jani? Ama ni dawa ya meno?" Wenzake wakacheka. Nilimwambia nimechoka, aniulize siku nyingine. Sasa najibu hapa, kwa sababu hapa nimeketi. Habari za vyeo na mshahara sitazigusa. Vyeo vilichelewa, na mshahara mnaujua nyinyi wenyewe.

Niliingia nasari, kwenye kitalu cha miche, miaka ya hamsini, kabla hata sijajua kufunga kitambaa vizuri. Baba yangu alikuwa fundi mbao kutoka Nyeri. Alikuja huku kufanya kazi ya reli pale Kipkelion, ambapo wengi wakati ule walipaita Lumbwa. Kifua kilipomharibikia akapata kazi nyepesi kwenye shamba moja la chai upande wa Boito, ya kugonga masanduku ya kupandia miche. Tukapewa nyumba kwenye laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi. Mama alikuwa ameshakufa. Baba alikohoa usiku, akagonga misumari mchana, na mimi nikapelekwa nasari nikatafute ugali wangu.

Nyapara wa nasari alikuwa Arap Birgen, Mkipsigis wa Kiptere, mtu mfupi mwenye ndewe za masikio zilizotobolewa kwa kimila na koti la jeshi lililokosa vifungo. Siku ya kwanza hakunionyesha mche hata mmoja. Alinipa debe lililotobolewa matundu chini, akaniambia nimwagilie njia.

"Njia, mzee?"

"Njia. Mwaga mpaka maji ianguke kama mvua ya asubuhi. Saa hii unamwaga kama mtu anaosha miguu. Utaua watoto yangu."

Aliita miche watoto. Nilimwagilia njia siku nzima, wanawake waliokuwa wakipita na vikapu vya chai wakiniuliza kama ninategemea njia ichipue. Jioni mkono ulikuwa umekufa ganzi lakini maji yalikuwa yanaanguka kama mvua ya asubuhi. Arap Birgen akaitikia kwa kichwa, akasema, "Kesho uguse mmoja." Hiyo ndiyo ilikuwa interview yangu. Nyinyi mlikuja na vyeti.

Wakati ule chai ilioteshwa kwa mbegu. Tulilowesha mbegu kwenye pipa, zilizoelea tukatupa, zilizozama tukapanda. Juu ya matuta tulijenga dari fupi la fito na kulifunika kangaga, yale majani marefu yanayoota ukingoni mwa msitu. Mche wa chai haupendi jua kali, haupendi ukavu, na mvua ya mawe ya huku kwetu ikiupata uchi inaufanya kachumbari. Kwa hiyo tuliufunika, tukaunywesha asubuhi na jioni, tukaupa samadi ya kondoo iliyooza mpaka ikapoteza harufu. Arap Birgen aliijua kazi hiyo mpaka kwenye kucha. Mimi niliipokea kwake nikaamini ndiyo kazi yote ya nasari duniani.

Kisha ikaja kazi ya bulugamu. Vitabuni mnaiita mkaratusi. Kiwanda kilihitaji kuni nyingi za kukaushia majani ya chai, na miti ya karibu ilikuwa imekwisha. Meneja wetu, tuliyemwita Bwana Soksi kwa sababu alivaa soksi ndefu hadi magotini hata matope yakifika magotini, aliamua kwamba ule mgongo wa kilima wenye mawe upandwe bulugamu wote. Alileta mbegu, ndogo kama ugoro, akatuachia.

Basi sisi tukafanya nini? Sisi tulikuwa watu wa chai. Tukailea bulugamu kama chai. Dari la kangaga, maji asubuhi na jioni, samadi. Bwana Soksi akaona inakwenda vizuri, akaongeza mbolea ya chumvi kwenye magunia, nyeupe kama sukari, tukawa tunainyunyiza kila baada ya muda. Ee bwana! Miche ilipanda juu kama imeitwa. Majani mapana, laini, ya kijani kilichofifia, ukiyagusa hayana mkwaruzo wowote. Wageni wa Bwana Soksi waliletwa kuitazama. Arap Birgen alisimama kando mikono nyuma, akijifanya anatafuta magugu, lakini masikio yake yalikuwa kwenye sifa.

Mwaka huo huo dada yangu Wairimu alirudi kwetu akiwa mjamzito. Mumewe alikuwa amechukuliwa na askari, wakati wa ile hali ya hatari, na hatukujua amepelekwa wapi. Hajarudi mpaka leo. Wairimu alijifungua mtoto wa kiume, tukamwita Njoroge jina la baba wa baba yake, kisha homa ya uzazi ikamshika dada yangu ikamaliza kazi yake upesi. Nikabaki na Baba anayekohoa na mtoto anayelia njaa. Niseme ukweli, nililia zaidi kwa ajili ya huyo mtoto kuliko kwa ajili ya dada yangu. Dada alikuwa amepumzika.

Tulijaribu maziwa ya ng'ombe. Yalimtoka juu na chini mpaka macho yakaingia ndani. Wanawake wa laini walikuja, wakatazama, wakaondoka wakikwepa macho yangu, na nilijua maana yake. Ndipo Arap Birgen akaja na mbuzi jike mweupe mwenye sikio moja jeusi. Wafanyakazi waliruhusiwa kufuga mbuzi wachache nyuma ya nyumba zao, na yeye alikuwa nao. Alimfunga mbuzi kwenye nguzo ya mlango wetu.

"Huyu hana kelele," akasema. "Kamua kidogo, changanya na maji, chemsha. Mama Chebet alilea wetu wa pili namna hii."

Mama Chebet alikuwa mkewe, aliyebaki kule Kiptere akilima. Nilifanya alivyosema. Maziwa yakakaa tumboni. Baada ya muda mtoto akanyamaza, tena ule unyamavu wa kushiba. Kila asubuhi kabla chuma cha kazi hakijagongwa nilikuwa nimepiga magoti chini ya yule mbuzi. Laini nzima ilijua kwamba mtoto wa Wairimu anaishi kwa mbuzi wa Arap Birgen. Mtu akipita alikuwa anamsalimia mtoto, kisha anamsalimia mbuzi.

Mvua kubwa iliponyesha tukaipeleka miche kilimani. Tulipanda kwa siku nyingi, matope mpaka kwenye nywele, tukashuka tumechoka lakini tunacheka. Wiki haikuisha, mlinzi akashuka na habari kwamba miche imeliwa. Tulipanda kilima tukaenda kutazama. Mistari mizima ilikuwa imebaki vijiti. Mingine ilikuwa imeng'olewa na mizizi. Tukasema ni paa, tukasema ni sungura, kila mtu akamtaja mnyama asiye wake. Lakini mlinzi alikuwa ameokota kinyesi akakileta mbele ya Bwana Soksi kwenye jani la mgomba, na kinyesi cha mbuzi kila mtu anakijua.

Bwana Soksi alituita sote mbele ya stoo. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Mbuzi nakula miti yangu," akasema kwa Kiswahili chake. "Mbuzi yote toka. Jumamosi, mimi hapana taka ona mbuzi."

Mtoto angekunywa nini? Nilimtazama Arap Birgen, naye alikuwa amekunja uso kwa hasira. Hasira yake, mnielewe, ilikuwa ya haki. Mbuzi hali bulugamu. Mtoto yeyote wa huku anajua. Zile bulugamu chache za zamani zilizosalia karibu na kiwanda zilizungukwa na mbuzi kutwa na hakuna mbuzi aliyeinua kichwa.

"Bwana," akasema, "mbuzi hakuli bulugamu. Tangu nizaliwe sijaona. Leta mbuzi hapa, leta bulugamu, tuone na macho."

Watu wakaguna kumkubali. Bwana Soksi naye hakuwa mtu mbaya, nampa haki yake. Alifikiri kidogo, akasema sawa. Kisha Arap Birgen akanigeukia. "Nyambura, lete yule wetu. Huyo ana adabu, hatatuaibisha."

Nilikimbia laini kumfungua yule mweupe. Njiani nilikuwa naomba kwa Kikuyu na kwa Kiswahili, ili lugha moja isiposkika nyingine iskike. Mtoto nilimwacha kwa Baba, mdomo ukiwa bado na povu la maziwa ya asubuhi.

Kwanza Arap Birgen alivunja tawi la mti mkubwa wa karibu na kiwanda. Akamwekea mbuzi puani. Mbuzi akanusa, akapiga chafya, akageuza kichwa. Watu wakapiga kelele, mwanamke mmoja akapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nishaanza kucheka na machozi pamoja. Arap Birgen akamtazama Bwana Soksi kama mtu aliyeshinda kesi.

"Sasa miti yangu," Bwana Soksi akasema, akaonyesha chini ya dari, kwenye masanduku yaliyobaki.

Arap Birgen hakusita hata kidogo. Alileta sanduku yeye mwenyewe, akaliweka mbele ya mbuzi wake mwenyewe, akarudi nyuma mikono nyuma. Yule mbuzi akanusa mara moja. Kisha akala. Alikula taratibu, kwa adabu kweli, mche baada ya mche, kama anayekula mboga kwenye harusi, mpaka akafika ubao wa sanduku alilogonga Baba.  Kamba nilikuwa nimeishika mimi, na sikuivuta.

Bwana Soksi aliingia chini ya dari, akachuma jani, akalitafuna. Tukamtazama mzungu akitafuna kama mbuzi. Akampa Arap Birgen jingine, akanipa na mimi kwa sababu nilikuwa karibu. Nilitafuna. Lilikuwa laini, lenye maji, ladha ya kijani tu, na ile harufu ya bulugamu ilikuwa mbali sana kama imesahaulika. Ningeweza kulipika na kulila na ugali.

Nyuma ya stoo kulikuwa na sanduku moja ambalo lilikosa nafasi chini ya dari. Hakuna aliyelimwagilia wala kulipa mbolea, lilikuwa limeachwa kwenye kokoto na jua. Miche yake ilikuwa mifupi, ya kuaibisha, shingo nyekundu, majani magumu. Bwana Soksi aliliendea. Tukatafuna tena. Hapo mdomo wangu ulikauka papo hapo, ule ukakasi wa ndizi mbichi, na uchungu ukapanda mpaka masikioni. Nilitema. Arap Birgen hakutema, alibaki amelishika jani mdomoni. Bwana Soksi akamsogezea mbuzi sanduku lile, na mbuzi akapiga chafya.

"Arap Birgen," akasema polepole, "wewe najua chai ya kivuli? Chai chini ya mti mkubwa, kikombe yake namna gani?"

"Hafifu, Bwana. Haina nguvu. Haikali kwa ulimi."

"Kwa nini?"

"Haikuona jua."

Bwana Soksi akainua kidole kwenye dari la kangaga. Kisha akakishusha kwenye magunia ya mbolea aliyoyaleta yeye mwenyewe, akajigusa kifua. Kwa haki, alijigusa kifua. Arap Birgen akainama kutazama miche yake.

Miaka baadaye afisa mmoja wa misitu alinieleza vizuri, naweka hapa kwa ajili yenu. Mche una kazi mbili, kukua na kujilinda. Kujilinda kwake ni ule uchungu na ukakasi ambao unautengeneza ndani ya majani ili wadudu na wanyama wasiule. Uchungu huo unatengenezwa kwa jua. Mche ukiona jua la kutosha na udongo haujanona sana, hauwezi kukimbia kukua, basi ile nguvu inayobaki unaitia kwenye uchungu. Ukiuweka kivulini ukaujaza mbolea ya chumvi na maji, nguvu yote inakwenda kwenye majani, unakuwa mkubwa na mtamu. Hata chai ya kivuli tuliijua hivyo, ila hakuna aliyefikiri kuwa bulugamu nayo ni jani. Sisi watu wa chai tuliona mche mzuri ni ule laini.

Lakini siku ile sikuwa nataka elimu. Nilitoka mbele nikasema, "Bwana, mmoja tu. Huyu mmoja abaki, kuna mtoto." Nilimweleza yote, kuhusu Wairimu, kuhusu maziwa ya ng'ombe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nikaona macho yake yanaingiwa na huruma, nikadhani nimeshinda.

"Pole sana," akasema. "Kama moja nabaki, yote nataka baki. Na miti juu ya kilima bado tamu. Wewe naona mwenyewe, yeye nakula."

Tulikuwa tumeleta mbuzi wenyewe kumwonyesha kwamba anakula. Kabla hatujajaribu, ilikuwa neno letu na kinyesi alichookota mlinzi. Baada ya kujaribu, ilikuwa kweli.

Arap Birgen alikuja kwetu jioni akaketi kwenye kigogo cha Baba cha kupasulia mbao. Hakunywa uji niliompa. "Mimi nilisema lete huyo," akarudia rudia. "Mdomo yangu ndiyo ilisema." Baba akamwambia hapana mzee, hukujua, mbuzi angekula hata kama angekuwa wa mtu mwingine. Lakini hakumsikia. Mwishowe akasema jambo ambalo nilikuwa nalijua tangu mchana ila sikuwa na nguvu ya kulitamka. Mbuzi watakwenda Kiptere kwa Mama Chebet. Maziwa hayawezi kutembea kutoka Kiptere mpaka Boito. Mtoto lazima aende na mbuzi.

Mtanilaumu kwamba mimi nami ningekwenda. Nilifikiri hilo mpaka kichwa kikauma. Nikiacha kazi, nyumba ya laini inachukuliwa, na Baba alikuwa hawezi kutembea kutoka mlangoni mpaka chooni bila kupumzika. Tena wakati ule Mkikuyu hakutembea hivi hivi, ilikuwa lazima uwe na pasi, na pasi ya kwenda kuketi na Wakipsigis kwa ajili ya maziwa ya mbuzi, nani angeniandikia? Mimi sikumpeana mtoto kwa kupenda.

Mama Chebet alikuja Ijumaa kumchukua. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole wa sura, mwenye mikono mikubwa. Kiswahili chake kilikuwa kidogo na Kikipsigis changu kilikuwa salamu tu. Alimpokea mtoto, akamnusa kichwani, akamfunga mgongoni. Nilimpa shuka ya Wairimu. Alfajiri ya Jumamosi lori la chai liliwachukua mpaka Kericho, na kutoka hapo walitembea. Arap Birgen alitangulia na mbuzi, kwa ruhusa ya siku moja. Nilisimama pale lori lilipogeukia mpaka vumbi likaisha, kisha chuma kikagongwa, nikaenda nikamwagilia miche.

Walifika Kiptere jioni, mbuzi wa kijiji wakiwa wanarudi. Wakipsigis humwita Kiprono mtoto wa kiume aliyezaliwa saa hiyo ya mbuzi na kondoo kurudi nyumbani. Mama Chebet akasema huyu hakuzaliwa saa hiyo lakini kwake amefika saa hiyo, tena mbuzi mbele. Akamwita Kiprono, na Njoroge likabaki kinywani mwangu peke yangu.

Nilipopata pasi ya kwanza na kwenda kumwona, alikuwa anatembea. Alikuwa mnene, anang'aa, anashika sikio jeusi la yule mbuzi. Nilimnyanyua. Alinitazama, akanyoosha mikono kwa Mama Chebet, akalia mpaka akakosa pumzi. Nilimrudisha. Mama Chebet aliona haya kwa niaba yake, akanipa mursik, maziwa yao ya mgando, kwenye kibuyu, nikanywa huku natazama mlima. Niliumia, watu wangu. Hata sasa nikiandika naumia.

Kazi iliendelea. Arap Birgen na mimi tuliondoa dari kwenye bulugamu. Tuliondoa kidogo kidogo, safu moja ya kangaga kila baada ya siku kadhaa, kwa sababu ukiufunua mche mara moja jua linauunguza na mvua ya mawe inaumaliza. Mbolea ya chumvi tukaikata mapema. Maji tukayapunguza mpaka majani yalegee kidogo mchana na kusimama tena jioni. Tukayasogeza masanduku juu ya changarawe penye upepo. Tukangoja shingo ya mche iwe nyekundu. Ukizidisha nako ni kosa, mche unadumaa unabaki mzee kabla ya kukua, na tuliharibu masanduku mengi ya namna hiyo mpaka tukapata mahali pa katikati. Kisha, kabla ya miche kutoka, tunatafuna. Jani la juu, jani la katikati, kutoka masanduku ya pembeni na ya kati. Likikausha mdomo, mche uende. Likiwa tamu, mche ungoje. Kilima kile kilipandwa upya, na miti ikasimama. Mmeikata na kuipanda tena sijui mara ngapi.

Mbuzi hawakurudishwa. Hakuna aliyeuliza, na Bwana Soksi alihamishwa kabla miti haijafika kiunoni. Arap Birgen alifanya kazi mpaka macho yakamwacha. Mwishoni alikuwa anashikwa mkono mpaka kwenye masanduku, anatafuna, anasema "bado" au "toa", na hatukuwahi kumkosoa. Baba alikufa wakati wa mvua, mwaka mmoja tu baada ya mtoto kuondoka, kwa hiyo nyumba niliyoing'ang'ania kwa ajili yake ilibaki na mimi tu. Sikuwahi kuolewa, msiniulize.

Watu wa kanisani, kila nikisimulia habari hii, wanataka kuigeuza mahubiri. Wananiambia, unaona dada, hata yule mtoto alipitia jua kali akawa mtu. Nawaambia mtoto si mche. Kiprono hakupitia jua lolote, alilelewa kwa maziwa na kwa mapenzi, na akawa mtu kwa sababu hiyo. Aliyeachwa kwenye kokoto ni mwingine.

Baada ya kuniaga, Kiprono ndiye aliyekuja na pikapu ya jirani kuchukua vitu vyangu. Amenijengea chumba Kiptere. Ni mtu mzima sasa, ana chai yake, ng'ombe, mke na watoto, na neno lake moja tu la Kikuyu, "tata", ambalo maana yake ni mama mdogo. Ndilo ananiitia. Mama Chebet alishatangulia, na pale nilipoonyeshwa kaburi lake niliketi kidogo.

Jioni ya kwanza Kiprono alinizungusha shambani. Nyuma ya jikoni alikuwa na kitalu kidogo, amekijengea dari la majani ya mgomba. Chini yake, bulugamu. Ndefu, laini, zinameremeta maji. "Nimezilea mwenyewe, tata," akasema kwa fahari. "Samadi, maji asubuhi na jioni. Uone nami niko na mkono yako." Mbuzi jike alikuwa amefungwa hatua chache kutoka hapo.

Nilimtazama yule mbuzi. Labda uso wangu ulisema kitu, kwa sababu aliacha kujisifu, akaanza kukuna kidevu.

"Tata, nikuulize. Mama akiwa hai sikutaka kuuliza, angefikiri sikushiba kwake." Alikuwa anatazama chini. "Ulinipeana kwa nini?"

Nilikuwa nimelingoja swali hilo miaka yote, na nilikuwa na maneno mengi nimeyapanga, kuhusu pasi, kuhusu Baba, kuhusu Jumamosi. Niliyaacha yote. Nilinyanyua jani la mgomba, nikavunja mche mmoja juu, nikaugawa. Nusu nikampa yeye.

"Tafuna."

Akatafuna. Nusu nyingine nikamnyooshea mbuzi, akaipokea mkononi mwangu akaimaliza, akanisogelea akitafuta nyingine.

"Ni tamu," Kiprono akasema, akishangaa.

"Ndiyo," nikamwambia. "Na ile yetu ya kilimani ilikuwa tamu hivyo."